Taa Nyekundu na Kopo la Udongo

Mtaani Mulekera, siku ya Jumanne

Kwa hiyo uzeeni nimejifunza kuamuru taa.

Mwalimu wetu wa kompyuta, aliyetumwa hapa kutoka Kinshasa, alituagiza sisi wakimbizi tulete udongo wa mashamba yetu. Wazo zuri sana, kumwomba mkimbizi shamba! Nilibeba kopo la udongo niliouchota siku tuliyokimbia, miaka kumi na tano iliyopita.

Niliandika programu ya mistari sita, nikachomeka nyaya mbili za kompyuta ndani ya kopo. Udongo ukiwa mkavu, taa nyekundu iwake. Ikawaka.

"Bravo, papa! Sasa umwange maji, tuone kama itazima."

"Hii hapana ya kumwangia maji, mwalimu. Iko ya kurudisha kwetu."

Mama Kavira, jirani yangu wa benchi, akacheka. "Mais, lakini utarudisha lini, mzee? Mwanga maji tu!"

Kuacha programu bila kuijaribu yote sikuweza. Nikamwaga. Taa ikazima, darasa likapiga makofi. Miaka kumi na tano nimeukinga na mvua, nikashindwa na taa.

Sasa nina kopo la matope. Mama Kavira amenipa punje tatu za maharagi, bila kucheka. Nimezipanda.