Mkorosho Kwenye Tuta la Bamia

Jumatatu, 2 Agosti 2004
Ndoo ishirini na mbili asubuhi hii. Matuta kumi na moja, kila tuta ndoo mbili. Mgongo haufai tena. Kiwanja hiki cha nyuma ya ghala bovu kilikuwa chupa na mavi ya mbuzi nilipokiomba kwa Mzee Chilumba, kwani ni cha ukoo wake. Sasa nusu ya Nachingwea inakula mchicha wangu. Mimi na mama tunaishi kwa hiki.
Kwenye tuta la bamia umeota mkorosho. Sikuupanda. Umekuja na samadi. Sikuung'oa.

Jumapili, 15 Agosti
Majani tisa. Nimeuzungushia vijiti, mbuzi wasiule. Miaka mitatu unazaa. Mboga ni ya leo, mkorosho ni wa uzeeni. Wazazi wangu, Wamakua, walivuka kutoka Msumbiji na mkeka tu. Shamba sina, hata hatua moja.

Jumanne, 24 Agosti
Mtani wangu Somoe kapita, kaona vijiti, kacheka. "Mmakua ukimpa kivuli, kesho anakuuliza wewe hapa umefuata nini." Nimecheka. Kisha nikakumbuka. Ardhi ya kuazima ni ya mboga tu. Anayepanda mti ameidai kuwa yake. Nani hajui? Lakini mimi sikupanda.

Jumatano, 25 Agosti
Nimewahi ili niung'oe. Mzee Chilumba kaniwahi, kachuchumaa mbele ya mkorosho. Hakupandisha sauti.
"Mwanangu, uliomba mboga. Mkorosho hukuomba."
Nikasema umeota wenyewe.
Akagusa vijiti. "Na huu uzio, nao umeota?"
Akainuka, akatoa amri. Nitoke kabla ya Jumatatu.

Ijumaa, 27 Agosti
Nimempigia magoti. Nimesema nitaung'oa mbele yake. Kasema wadogo zake wameshasikia, basi. Nina hasira. Miaka yote hiyo hakuna hata mmoja wao aliyemwaga kikombe cha maji pale. Mvua bado miezi mitatu. Unga umebaki wa siku nne. Nianze upya wapi? Sina pa kuanzia. Sina.

Jumapili, 5 Septemba
Nimepita nyuma ya ghala. Sikuwa na shughuli pale, ni miguu tu.
Matuta yote yamefyekwa. Mchicha, bamia, matembele, vimekauka vikiwa vimelala.
Mkorosho wameuacha. Vijiti vyangu vipo, wameongeza miba. Nimeinama nikashika udongo wa shinani.
Umelowa. Kuna mtu anaumwagilia.