Kiatu Juu ya Kapeti

Mpendwa Tata, shangazi yangu,

Jana mteja mmoja alisimama mlangoni kwangu hapa Githurai, akainama kufungua kamba za viatu. Nikamwambia aingie navyo. Akaniuliza kama kompyuta zangu haziogopi vumbi. Nikakukumbuka, na mdomo ukaniuma kana kwamba ni mimi niliyepigwa siku ile. Na wala sikupigwa. Ulipigwa wewe. Mimi nilikuwa chini ya meza.

Unakumbuka miaka ile ya tisini, kompyuta ilivyolelewa kama mtoto mchanga? Ilifunikwa kitambaa cheupe, ikawekewa kapeti, na hakuna aliyeisogelea bila kuvua viatu. Sisi watu wa Makongeni hatukuwa na kipimo kingine cha chuo: chenye kapeti ndicho chuo. Baba alikuwa ameshasema nisipopata pa kusoma wiki ile, Jumatatu naingia naye kiwandani kupanga mikebe. Naye kaka yako hakuwa mtu wa kurudia maneno. Alirudia mkanda. Ukajitolea wewe, dada yake, kunitafutia chuo, ukavaa viatu vyako vya kanisa, vile vyeusi vya kisigino kigumu.

Pale mjini Thika mawakala wa vyuo viwili walinigombania kama gunia la kabichi. Huyu mkono wa kulia, yule wa kushoto, shati likapasuka kwapani. Yule mfupi akampiga mwenzake ngumi ya mdomo, jino likaruka mpaka kwa mama wa ndizi. Ukawatandika wote wawili na mwavuli.

"Mnamnunua ama mnamsomesha?" ukawauliza.

Yule mfupi, huku akinyonya ngumi iliyochanika, akatuambia kwa unyenyekevu kwamba chuo chao kiko juu ya bucha, kina kompyuta tatu, na moja ni mgonjwa. Ukacheka. Mimi nikakunja pua. Nilikuwa nimesikia habari za chuo chenye kapeti huko Ruiru, nikakusihi twende.

Ruiru ilikuwa imenyeshewa, na udongo wake mwekundu unaujua, haumwachi mtu. Tukakuta viatu vimejipanga mlangoni kama waumini. Tukavua. Soksi yangu ilikuwa na tundu, kidole gumba kikachungulia nje kusalimia watu, nami nikakikanyaga kwa mguu mwingine muda wote tulioongea na mkuu wa chuo. Bwana wa tai, sauti laini. Akanitazama, akasema nafasi ipo, Jumatatu nije. Tata, nilijiona nimeokoka mikebe. Nilikuwa tayari kuibusu ile kapeti.

Ndipo msichana aliyekuwa kwenye mashine ya mbele akabonyeza kitu, skrini ikawa nyeusi. Mkuu wa chuo akaenda kwake bila haraka, akampiga kofi kwa mgongo wa mkono. Kichwa kikagonga pembe ya mashine, nyusi ikapasuka. Hakuna aliyeinuka. Bwana yule akatoa kitambaa mfukoni, nikadhani anampa. Akapangusa damu kwenye mashine.

Ulishika taya lako, lile lililokaa upande tangu enzi za mume wako, kabla hujarudi kwetu. Ukatoka nje. Nikakufuata hadi mlangoni nikikubembeleza: "Tata, tafadhali, ameshanikubali." Nilidhani tunaondoka. Ukavaa viatu vyote viwili, ukavikaza, kisha ukarudi ndani.

Darasa zima liliacha kupumua. Damu walikuwa wameizoea, lakini matope kwenye kapeti hawakuwahi kuyaona.

"Viatu! Mama, viatu!" mkuu wa chuo akapiga kelele.

"Nimekuletea," ukamjibu, ukavua kimoja na kumshindilia kisigino puani.

Alikurudishia ngumi ya mdomo. Ukamvuta kwa tai kama mbuzi wa Krismasi, ukampiga tena na tena mpaka kisigino kikavunjika. Nami shujaa wako nilipiga mbizi chini ya meza, nikakumbatia waya wa kwanza niliouona, nao ukachomoka ukutani. Mashine zote zikafa. Yule bwana alilia kwa hilo kuliko alivyolilia pua. Basi hilo ndilo pigo langu pekee siku ile, na lilikuwa la bahati mbaya.

Tulitoka na yule msichana, leso yako kichwani kwake imelowa damu, tukamfikisha kwao. Barabarani ulichechemea, kiatu kimoja kirefu, kimoja kifupi. Mimi nikalia waziwazi juu ya mikebe ya Jumatatu. Ukatema damu kando ya njia.

"Wacha kulia. Yule mfupi wa jino alisema ana kompyuta ngapi?"

"Tatu. Moja mgonjwa."

"Twende tukaone hizo mbili."

Tulipofika juu ya bucha nikainama kuvua viatu, yule mfupi akaniambia niingie tu. Hapakuwa na kapeti, ni saruji na harufu ya nyama. Hukuuliza cheti wala mashine. Uliuliza, mdomo umevimba, mtu akikosea pale anafanywa nini.

Akafikiri. "Anaanza tena."

Ukaketi kwenye benchi. Nikajua nimepata chuo.

Tangu tukuzike nimekosea mengi, Tata, kwenye mashine na nje yake, na kila mara naanza tena. Watoto ninaowafundisha hapa wanakosea kuliko hata mimi, jambo ambalo sikudhani linawezekana. Hajaguswa hata mmoja. Wanakanyaga matope mpaka chini ya meza zangu, nami nafagia.

Huko uliko, ukikuta kapeti, ingia na viatu. Na ukikuta mtu anapigwa, najua hutaniuliza. Ila nikifika, nionyeshe tu meza iko wapi.

Wako wa chini ya meza,
mtoto wa kaka yako.