Marahaba Iliyotoka kwa Jina Langu

Mwanza, Jumatano, Julai 1999

Bado najiuliza kwa nini kompyuta ilinichagua mimi.

Ya ofisini ina anuani mbili za barua pepe, ya bosi na yangu mimi karani wake. Asubuhi nilitumia yangu kuwajibu wanunuzi wa minofu ya sangara, kumbe ikabaki hapo hapo. Mchana bosi, mzee wetu, akanitajia maneno ya kumjibu binti yake aliyeko Uswidi: "Marahaba mwanangu. Huku Ilemela hatujambo." Nikachapa, nikatuma. Sikuangalia juu inatoka kwa nani.

Dada wa watu ananizidi umri kwa mbali, na mimi ndiye nimemwitikia marahaba.

Jioni amejibu, kwangu: "Shikamoo mama. Baba hakuniambia kama ameoa tena. Nimefurahi, nilikuwa nawaza anavyokaa peke yake tangu mama afariki."

Mzee hajaiona. Natamani kujua uso wake utakuwaje akiisoma. Naogopa pia, kibarua kinaweza kuota nyasi.

Kesho nitachagua anuani kwa makini. Ila sijui, kwa anuani yoyote ile, nitamwambiaje yule dada kwamba baba yake bado anakula peke yake.