Dawa Niliyokuwa Nikikuwekea

Kangemi,
Nairobi.
12 Julai 1993

Mpendwa mdogo wangu Ngina,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa nyumba hii yote. Mnaendeleaje hapo Kibwezi? Mgongo wa mzee wako Mwololo umepata nafuu? Na mbaazi, zilipata mvua? Sisi tuko, na mimi mwenyewe leo nimefua nguo zangu kwa mikono yangu, Mungu ashukuriwe.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Umesema unatokwa na damu ilhali mambo ya mwezi yalikwisha zamani, na ukaniomba nikutumie dawa ya Mchina. Kabla sijakujibu, acha nikueleze yote.

Unajua walinipata na saratani ya mlango wa kizazi, wakanipangia kuchomwa na mashine ya miale siku ishirini na tano. Kufika siku ya kumi nilikuwa nimeisha. Chakula hakikai, natapika mpaka machozi. Nikamwambia Ndunge sirudi huko tena.

Sasa sikia mtoto niliyemzaa! Unajua ameandikwa kwa duka la dawa la Kanubhai mjini, na si kufagia. Ni yeye anasoma mwandiko wa madaktari ambao hata wenyewe hawausomi. Hakubishana na mimi. Alinipeleka kwa Daktari Liang, huyo Mchina, karibu na Adams Arcade, orofa ya juu. Huyo mzee alinishika mkono akisikiliza mshipa, akatazama ulimi, kisha akanidunga sindano nyembamba kama unywele. Nikamwambia amenigeuza nungunungu. Akanijibu kwa Kiswahili, “Nungunungu hapigi kelele, mama. Tulia.” Jioni hiyo nilikula ugali, ukabaki tumboni!

Halafu akanipa pakiti za mizizi za kuchemsha. Nikamuuliza kama zitaondoa ugonjwa. Akasema, “Ugonjwa ni kazi ya mashine. Kazi yangu ni mama apate nguvu ya kufika kwa mashine.” Hapo nilimheshimu, maana wangapi huku sokoni wanajisifu kuponya kila kitu?

Naye Ndunge hakutaka siri. Aliandika kila mzizi kwenye karatasi, akampelekea Daktari Jaswant, yule mama wa Kisingasinga anayenitibu hospitali. Daktari akakata mzizi mmoja kwa kalamu nyekundu, akasema unaweza kunizidishia kutokwa na damu. Mchina hakununa, aliutoa mbele ya macho yetu. Niambie, nani mwingine hapa Kangemi ana binti wa kukalisha madaktari wawili wakasikizana?

Sasa kosa ni langu. Ulipoanza kuniandikia juu ya hiyo damu, nikawa nakunywa nusu ya pakiti na nusu nakuwekea kwenye mkebe wa majani ya chai. Tangu utoto tumegawana kila kitu, ningekunywaje peke yangu? Kutapika kukarudi, na Ndunge akafumania mkebe. Wee! “Mama, hii si sukari ya kugawia jirani! Umepimiwa wewe, kwa mshipa wako na ulimi wako. Mama mdogo hajapimwa na mtu. Unamtumia dawa ya ugonjwa gani?”

Nikarudia pakiti nzima, na Ijumaa nimemaliza siku zote ishirini na tano. Mwezi wa tisa ndio watanipima waone kama ugonjwa umekwisha, lakini kwa mashine sikukosa hata siku moja.

Kwa hivyo Ngina, pakiti sikutumii. Usikasirike. Uje upimwe wewe mwenyewe. Daktari Jaswant atakuona Jumanne tarehe 27, Ndunge ameshakuandikisha jina. Najua unaona aibu, hata mimi niliona. Lakini daktari ni mwanamke mwenzetu, kitanda kina pazia, na mimi nitakuwa hapo nimekushika mkono. Kama ni kitu, kishikwe mapema kuliko changu. Kama si kitu, tutacheka sote.

Nisalimie Mwololo, mwanao Kisilu na mkewe, na Mama Nashon wa kanisani. Mungu akufunike wewe na nyumba yako, akutangulie njiani.

Ndunge atakungoja kwenye stendi ya mabasi Jumatatu mchana. Amesema usiposhuka, Jumatatu hiyo hiyo anapanda basi kuja kukuchukua. Na huyo mtoto unamjua: hatarudi peke yake.

Ni mimi dada yako, nakupenda na kitanda chako nimeshatandika,
Mama Ndunge