Bangili Mpaka Kiwikoni

Jumatatu, 2 Desemba

Mussoorie, mji wa milimani. Baridi ya kukata masikio. Fungate yetu hii — mimi, Vineet, mama yake na dada yake Shilpi! Chumba kimoja, vitanda viwili. Mama mkwe anasema chumba cha watu wanne ni nafuu. Naandikia chooni. Wanadhani naharisha. Wacha wadhani.

Simu yangu anayo Vineet tangu tutoke nyumbani Ludhiana. Ati fungate ni ya kupumzika. Nilicheka tu, sikuona ubaya.

Jumanne, 3 Desemba

Maporomoko ya Kempty. Maji kiduchu, watu tele, bajia za baridi. Shilpi karopoka huku anatafuna, tena anacheka. Kumbe mkuu wangu wa shule alipiga simu nyumbani kwao Jumamosi! Mama mkwe akapokea, akamwambia kwamba Parul, yaani mimi, harudi tena kufundisha, sasa ni mke wa mtu. Mkuu akajibu kwamba hilo atalisikia kutoka kinywani mwangu. Nisipompigia kufikia Alhamisi, nafasi yangu anapewa mwingine.

Nafasi yangu! Hesabu, darasa la kumi. Wasichana wangu wana mtihani Machi. Na siku ya posa hawa hawa walimwahidi baba kwamba nitaendelea na kazi. Tena wakazila laddu zake, vile vitamu vya posa, wakazimaliza.

Nimemwomba Vineet simu. Kasema tusimuudhi mama safarini, tutaongea tukirudi. Tunarudi Jumamosi. Nina hasira!

Jumatano, 4 Desemba

Lal Tibba, kilima cha kutazamia mbali. Tumelipia darubini tuone milima ya theluji. Ukungu mtupu. Mama mkwe kachungulia, kasema analiona hekalu la Kedarnath. Vineet kachungulia, naye kaliona. Huyo ndiye mume wangu.

Walipokuwa wanabishania bei ya mahindi ya kuchoma nikachomoka. Nikamwomba muuza chai simu, nipige mara moja tu. Namba ya shule iko kichwani. Akaangalia mikono yangu kwanza. Bangili za harusi, nyekundu na nyeupe, mpaka kiwikoni — mji mzima unajua mimi bibi harusi wa juzi. Akaniuliza, mume yuko wapi, shemeji? Hakungoja jibu, akamwita kwa sauti. Vineet mbio mbio. Chai nimenyweshwa, simu sikupata.

Na siwezi kuzivua. Kwao anazivua mama mkwe, kwa sherehe, mwaka ukiisha. Ukizivua mwenyewe unamtakia mumeo mabaya. Pingu gani hizi za kupendeza?

Alhamisi, 5 Desemba

Gun Hill, tumepanda kwa kigari cha kamba. Naandikia ndani ya hema la Bachni, mama anayekodisha nguo za kienyeji za kupigia picha. Kidaftari kilikuwa ndani ya soksi. Mama mkwe mwenyewe ndiye kataka picha! Mikono ya blauzi imebana, bangili hazipiti. Bachni kaniambia vua tu, binti, maharusi wote wanavua hapa, utavaa tena. Nimezivua. Mikono ikawa myepesi, nikataka kulia.

Nikatoka na ushungi na pete kubwa ya pua. Vineet akaniuliza picha bei gani. Mume wangu! Bila bangili hakunitambua. Nikamwonyesha mpiga picha kwa kidole, nikarudi ndani.

Nimemweleza Bachni yote. Safari hii mtu kaniangalia uso, si mikono. Kanipa simu yake. Karani wa shule kasema mkuu yuko darasani, atapiga namba hii hii. Nasubiri nyuma ya pazia.

Mama mkwe kaingia. Anauliza mbona bibi harusi wetu hatoki. Bachni anamjibu alishatoka, kaelekea kwenye kigari. Eti nyuma huku yuko binti yake tu, anakunja nguo. Mungu ambariki.

Nasikia hatua zake, hazielekei mlangoni.

Bangili! Ziko mezani, mbele ya kioo, upande wao wa pazia. Nasikia zinagongana. Kaziokota.

"Parul." Taratibu kabisa. "Parul, toka huko."

Simu inaita. Ni shule. Nikipokea atasikia kila neno.

Na asikie. Napokea.