Magharibi na Mrija Nilioukataa

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Macho yanaendeleaje? Mdogo wangu Deo ameniambia mtoto wa jicho amezidi, sasa hata maharage unayachambua kwa kupapasa. Huku Ubelgiji mimi mzima, naogesha wazee na kubadilisha shuka zao, mgongo tu ndio unaolalamika.

Kuna jambo limenikaba, Mama. Darasani tunakojifunza lugha, mwalimu aliuliza Magharibi inaanzia wapi. Mwanamke wa Poland akasema inaanzia kwao. Baba mmoja wa Moroko akasema nchi yao kwa Kiarabu ndiyo inayoitwa Magharibi tangu zamani, ila hapa hakuna anayemhesabu. Mwalimu akaeleza kwamba hapo kale ilikuwa nusu ya dola ya Warumi, kisha nchi za wafuasi wa Papa, baadaye mataifa yaliyopingana na Warusi. Mpaka unasogezwa tu, na kila mara kuna anayeachwa nje.

Zamu yangu ilipofika, nikasema kwetu Ngara magharibi ni Burundi. Wakacheka wote. Mimi nilimkumbuka mke wa Deo, Spesioza, aliyetoka huko Burundi na wazazi wake wakiwa wakimbizi.

Siku ile ya utambulisho wao kabla ya harusi, koo mbili zimezunguka mtungi wa pombe ya ndizi, babu yake aliufuta mrija akaninyooshea mimi, dada mkubwa. Nikasema, "Mimi sinywi na watu wa kambini." Nilijua kabisa kwamba kwetu ukikataa mrija umeukataa ukoo mzima. Mzee akaurudisha mtungini. Uliponikanya nikakununia wiki nzima. Kwangu, watu wa magharibi walikuwa wale waliovuka mto na njaa yao, nami nikajiona mwenye nchi. Naona aibu, Mama. Miaka yote hii Spesioza ananiita wifi, nami namjibu kwa mkato.

Nisalimie baba mdogo katekista, na shangazi wa Nemba aliyenifundisha kusuka mikeka. Deo ajue nimepata likizo, nitawahi sherehe ya kumtoa nje mtoto wao mchanga.

Na wewe wifi, najua ndiwe unayemsomea Mama barua hii. Hapa usishushe sauti. Nilikutukana mbele za watu, basi na hili walisikie: nilikosea, nisamehe. Siku hiyo mtungi ukitoka, ukipenda uninyooshee mrija. Usiponinyooshea, nitakaa palepale na ndugu zako, sitauliza.

Ni mimi binti yako,
Imelda