Chupa ya Sita

Alhamisi, baada ya Isha

Naandika huku simu iko kando yangu.

Asubuhi tuliletewa ujumbe hapa duka la dawa: dawa ya kikohozi ya watoto, ya toleo moja, imepatikana na sumu. Bwana Athman, mwenye duka, akaskani msimbopau wa boksi lililokuja na chupa sita. Papo hapo kompyuta ikatoa majina na simu za wateja watano. Zamani tungepekua madaftari siku nzima. Kufikia adhuhuri chupa tano zimerudi.

"Kompyuta yasema ya sita iko rafuni," akaniambia. "Mbona siioni, Bi Rehema?"

Nilijua iliko. Jana mama mmoja wa kisiwa cha Kiwayu alinihimiza, boti yake inaondoka, nikampa chupa bila kuiskani. Nilisema nitaiingiza baadaye, nikasahau. Ya Rabbi.

Nikakiri. Bwana Athman hakunigombeza, na hilo lilinitisha zaidi. Yule mama alilipa kwa simu, kwa hivyo namba yake tulikuwa nayo, lakini hakupatikana hadi magharibi.

"Nimempa mtoto kijiko cha kwanza jioni hii," akasema. "Sasa amelala."

"Mwamshe, dada! Mwamshe, nasikiliza!"

Nikamsikia akimwita mwanawe, mara mbili, mara tatu. Kisha mtoto akalia, kwa nguvu, kwa hasira ya kukatiziwa usingizi, nami nikalia pamoja naye.

Wako njiani, wanaletwa hospitali kwa boti. Kijiko kimoja tu. Lakini mtoto mwenyewe ana miezi minane, na sijui kama kijiko kimoja chatosha kumdhuru.